Ndugu wa Mombasa mnawaendea Desemba? Anzeni Oktoba

Kutoka stendi ya Kange, Tanga, hadi kivuko cha Likoni, Mombasa, si mbali. Tanga hadi mpakani Horohoro ni kilomita 65 hivi za lami, na Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, hadi Likoni ni kama 100. Anayekwenda Dar es Salaam anakata masafa maradufu. Ndiyo maana watu wengi wa Tanga huichukulia Mombasa kama kwenda Muheza: Ijumaa wanafunga mizigo, Jumamosi alfajiri wako barabarani, na ikifika saa 4 mama na mtoto mmoja wamebaki dirishani mpakani huku wenzao wamekwisha kuvuka. Safari hii haiharibiki njiani. Huharibikia nyumbani, wiki sita au nane nyuma, pale ambapo hakuna aliyekifungua cheti cha kuzaliwa cha mtoto akatazama jina lake limeandikwaje.

Undugu wenyewe ni wa zamani kuliko mpaka. Mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 ulianzia mdomoni mwa mto Umba, ukawaacha Wadigo, Wasegeju na Wavumba nusu huku nusu kule. Shangazi yuko Msambweni, mpwa yuko Duga Maforoni, na kila mmoja anamjua mwenzake kwa kizazi. Lakini dirishani huulizwi ukoo, unaulizwa hati.

Kwanza chagueni mwezi, kwa sababu likizo za shule za nchi hizi mbili hazilingani. Watoto wa Tanzania hufunga shule Juni, na mwezi huo wenzao wa Kenya wamo katikati ya muhula. Mtawakuta jioni tu, wamechoka, wana kazi za shule, na mama yao anaamka saa 10 usiku kuwaandaa. Aprili na Agosti wao wako nyumbani, wenu wako darasani. Likizo inayokutana vizuri ni ya Desemba. Kenya huwa wamefunga tangu mwishoni mwa Oktoba au Novemba, nasi tunafunga mwanzoni mwa Desemba. Ila wao hufungua mapema Januari, kwa hiyo msipange kukaa hadi siku ya mwisho ya likizo yenu. Wiki ya mwaka mpya mwenyeji anatafuta karo na sare. Mkienda kwa ajili ya Idd, kumbukeni kwamba mwezi hutangazwa kila nchi kivyake na Idd huweza kupishana siku moja. Fikeni siku mbili kabla, msije mkaswali ya Tanga mkakosa ya Mombasa.

Sasa hati, na hapa ndipo pa kukaa sana.

Jamaa wa Mombasa watawaambia kwa nia njema, "Njooni na vitambulisho tu, sisi Uganda twaenda na kitambulisho." Ni kweli kwao. Mpango huo wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Kadi ya NIDA haikuvushi Lunga Lunga. Unatakiwa pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, kwa hiyo nyumba ya watu 6 ni 900,000 kabla hamjakata tiketi. Ni fedha nyingi, na hakuna haja ya kuzitoa zote kwa mkupuo. Wanaojua safari hii huanza na wazazi mwaka huu, watoto wakubwa mwaka ujao, na anayebaki huchukuliwa hati ya dharura. Watoto nao wanahesabiwa: kila mmoja na hati yake, hata kichanga cha mgongoni.

Kuna jambo moja mnaloweza kulitupa kabisa. Tangu Januari 2024 Kenya inawataka wageni wengi waombe kibali cha kusafiri mtandaoni na kukilipia. Raia wa Afrika Mashariki hawamo humo. Ukikuta tovuti inayokudai dola ili ukamtembelee bibi yako Likoni, ifunge.

Katika maombi ya pasipoti huulizwa sababu ya safari, kwa hiyo mwambieni mwenyeji awaandikie barua fupi: jina lake kamili, anakoishi, namba ya simu, majina ya wageni wote, tarehe ya kufika na ya kuondoka, na nakala ya kitambulisho chake pembeni. Barua hiyohiyo mtaibeba mpakani, maana swali la kwanza mtakaloulizwa ni mnafikia kwa nani. "Kwa ami yetu" si jibu kama huwezi kusema ami yuko mtaa gani.

Kinachowakwamisha watu zaidi ya fedha ni majina. Chukueni hati zote za familia mzitandaze mkekani usiku mmoja mkiwa wote. Tazameni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha baba, cha mama, kadi ya kliniki. Kwenye cheti mtoto ni Athumani, kadi ya chanjo inasema Othman. Baba ni Saidi huku, Said kule. Mama ni Mwanahamisi kwenye NIDA na Mwanakhamis kwenye cheti cha mtoto. Nyumbani hayo ni jina moja. Kwenye mashine ya Uhamiaji ni watu wawili. Marekebisho ya cheti huenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au huapwa kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na yote mawili yanachukua muda. Hii ndiyo sababu ya kuanza Oktoba.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho cha huyo anayebaki. Anayesafiri na bibi au shangazi, ridhaa ya wazazi wote wawili. Watu wetu huudhika wakiulizwa hili ("mjukuu wangu mwenyewe niombewe ruhusa?"), lakini afisa anayeuliza anazuia watoto wasitoroshwe. Afadhali aulize mara kumi.

Halafu kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wengi hudhani ni ya kuingilia Kenya. Inayowabana zaidi ni safari ya kurudi: Kenya ni nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa mtu anayetoka nchi ya namna hiyo. Basi unaweza kuvuka kwa amani, ukala mahamri wiki nzima, ukadaiwa kadi Horohoro ukiwa na mtoto amelala begani. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa, wala si siku uliyochomwa. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, kadi yako bado haijaiva. Ikishaiva, ni ya maisha. Tangu Julai 2016 hakuna tena habari ya kurudia kila miaka 10, hata kama kadi ya zamani imeandikwa tarehe ya mwisho. Mjamzito, mwenye mzio wa mayai, mwenye kichanga, mzee aliyepita miaka 60 na mwenye maradhi yanayopunguza kinga wazungumze na daktari kwanza, na daktari akiona mtu asichanjwe ampe barua. Jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Simamia pale muuguzi anapoandika.

Wenye gari lao wana kadi ya njano ya pili, na watu huzichanganya hizi mbili hadi wanabishana simuni. Ile ni ya mwili. Hii ni bima ya gari ya COMESA, inayokatwa kwenye kampuni ya bima kwa siku mtakazokaa. Bima yenu ya kawaida inakoma Horohoro. Bebeni kadi ya gari halisi, leseni, na ikiwa gari si la jina lako, barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na wakili. Mpakani forodha watawapa hati ya kuliingiza gari kwa muda: soma tarehe ya mwisho palepale, iandike kwenye simu, kwa sababu ikipita utatozwa. Pembetatu za kuakisi na kizimamoto viwepo na viwe vizima. Upande wa kuendesha ni uleule wa kushoto.

Fedha. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na 20 za kwetu. Angalieni bei ya siku hiyo, ila kwa hesabu ya kichwani tumieni 20. Kosa la siku ya kwanza ni la masikio. Unaambiwa nauli ni hamsini, moyo unaona ni bure, unatoa tu. Hamsini ile ni elfu moja ya Tanga. Ukiwapa watoto wanne mia mia za peremende umetoa elfu nane. Wafundisheni wakubwa kuzidisha mara mbili na kuongeza sufuri kabla ya kufungua pochi. Badilisheni fedha kidogo tu ya nauli na chakula cha njiani, mchana, mkiwa mmetulia, na mzihesabu wenyewe mkononi mwenu kabla hamjatoa zenu. Anayewafuata dirishani mwa basi akiwaharakisha ana sababu ya kuwaharakisha. Na kama bibi ana noti za Kenya alizozihifadhi sandukuni, mwambieni mapema: noti za zamani za elfu moja ziliondolewa mwisho wa Septemba 2019, hazinunui kitu.

Mizigo ya zawadi ina heshima yake. Mtu wa Tanga haendi mikono mitupu, lakini kinachokwenda vizuri ni kikavu. Matunda mabichi, miche na nyama huangaliwa na maafisa wa afya ya mimea na mifugo, na kisheria mazao mabichi huhitaji cheti. Gunia la machungwa ya Muheza linaweza kukuchukulia saa nzima na mwisho ukaliacha hapohapo. Viungo vya milima ya Amani na Muheza, yaani iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu, ni vyepesi, vinakaa, na vinapokewa kwa furaha kila nyumba. Robo kilo ya iliki kwa nyumba moja ni zawadi kamili. Nunueni iliki ikiwa na ganda lake, ya kijani, iliyofunga mdomo. Iliyopasuka imeshapoteza harufu. Itieni kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, na msiiweke karibu na majani ya chai wala unga, maana vyote viwili hunywa harufu ya jirani. Karibu na kanga mpya haina ubaya.

Kikapu cha ukindu pakieni hivi: chini makopo na vitu vigumu, katikati nguo zilizokunjwa, juu vitu vya kutoa njiani. Wazee wetu hushona mdomo wa kikapu kwa shazia, ile sindano kubwa, kwa mshono wa kupishana, ukakaza kweli. Kwa safari hii msishone. Forodha wataomba kuona, hamna mkasi, mshono utakatwa kwa kisu pamoja na ukili, na kikapu kitafika kimefumuka. Tandazeni kanga juu, ingizeni ncha zake ndani ya mikono ya kikapu, fungeni mafundo mawili. Kunafunguliwa, kunaangaliwa, kunafungwa tena kwa dakika moja.

Mifuko ya plastiki ya kubebea msiingie nayo. Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017 na faini yake inahesabiwa kwa mamilioni. Sisi tulifuata Juni 2019. Ile iliyosahaulika chini ya begi ikifunika viatu nayo inahesabika. Viatu funikeni kwa kitambaa.

Siku ya safari. Mabasi ya Mombasa yanayopita Tanga mengi yanatoka Dar es Salaam na viti vya mbele vimeshachukuliwa huko. Familia ikitaka kukaa pamoja ikate tiketi siku kadhaa kabla, itaje idadi ya watoto, na iulize wazi mtoto wa umri gani anapakatwa na wa umri gani analipa kiti. Njia ya pili ni ya vipande: gari za Horohoro, mnavuka kwa miguu, mnapanda matatu za Lunga Lunga hadi Ukunda au Likoni. Ni nafuu na hamsubiri abiria 50 wagongewe mihuri, ila kwa wenye vikapu vitano na mzee wa magoti ni mateso. Kwa familia tungechagua basi. Kwa vijana wawili na mabegi ya mgongoni, vipande.

Mpakani utaratibu ni wa kituo kimoja, na watu wengi bado wanaukosea. Ukitoka Tanzania humaliziwi Horohoro. Unavuka hadi jengo la Lunga Lunga, na humo mna dirisha la Uhamiaji wa Tanzania la kukugongea kutoka, kisha la Kenya la kukugongea kuingia. Mkirudi ni kinyume, yote yako Horohoro. Kosa lake ni kupitia dirisha moja tu, kwa sababu umeona muhuri umegongwa ukadhani umekwisha. Mihuri ni miwili kwenda, miwili kurudi. Kabla hamjaondoka dirishani kila mtu afungue ukurasa, asome tarehe na siku alizopewa. Raia wa Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6 bila malipo, lakini afisa huandika kulingana na ulichosema. Ukisema "wiki moja" na unakusudia tatu, ndiyo hiyo wiki moja. Semeni ukweli na mwongeze siku chache za dharura. Na yeyote anayewaambia kuna njia ya pembeni ya bodaboda isiyo na foleni, mwacheni aende peke yake: asiye na muhuri wa kuingia hana namna ya kutoka.

Hati zote zikae kwa mtu mmoja, kwenye mkoba unaovaliwa mwilini. Msizitie kwenye begi lililo tumboni mwa basi.

Likoni mara nyingi abiria huteremka na kuingia kwenye feri kwa miguu, mizigo ikibaki garini. Chukueni mkoba wa hati, dawa na fedha. Mwenda kwa miguu halipi. Kila mkubwa ashike mkono wa mtoto mmoja aliyetajwa jina tangu ndani ya basi. "Shikaneni mikono" haitoshi, kila mtu hudhani mwenzake ameshika. Ingieni hadi katikati, mkae mbali na bamba la kupandia magari, na msipige picha. Epukeni saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, watu wanapotoka kazini, kwa sababu kwa mzee na kwa mtoto msongamano ule ni hatari kweli. Wenye gari wanaofikia Changamwe, Miritini au Mazeras hawana haja ya feri: barabara ya Dongo Kundu inachepukia Kibundani kabla ya Likoni na kutokea Miritini.

Mkishafika, pangeni ziara kwa nyumba, si kwa siku. Andikeni nyumba zote mnazodaiwa. Anza na ya mkubwa wa ukoo, hata kama nyumba mliyofikia ni ya mdogo wake. Ukimpita utasikia habari yake hadi Tanga. Kisha nyumba zenye msiba tangu mara ya mwisho mlipokwenda. Hata ukiwa wa miaka miwili nyuma, kama hamkuja, ndio kwanza mnahani, na hamwendi na kicheko mlangoni. Kisha waliozaa na waliooa. Nyumba tatu kwa siku zinatosha, kwa sababu kila moja itaandaa, na kukataa ni kuvunja moyo. Elezeni mapema kwa simu: mchana tunakula kwenu, kwa fulani chai tu. Mwenyeji aliyepika wali wa nazi wa watu 8 halafu wageni wakaingia wameshiba ana haki ya kununa.

Siku ya pili nendeni sokoni mlete mchele, nazi na mafuta bila kuuliza, mviweke jikoni. Fedha, kama mnatoa, apewe mama mwenye nyumba mkononi, peke yake, wala isipitie kwa watoto.

Waandaeni watoto kwa lugha. Kiswahili ni chetu sote, lakini Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kina yake: macho ni mato, njia ni ndia, na bibi akimwambia mtoto "ndoo hapa" anamwita aje. Mtoto wa Ngamiani atakwenda bafuni kuleta ndoo. Mwambieni kabla, asichekwe siku ya kwanza akakaa kimya wiki nzima.

Kwa kurudi mtapewa zaidi ya mlivyopeleka. Kanga za Biashara Street, mabuyu, halua, achari. Halua inavumilia, ibaki tu kwenye pakiti yake ya dukani. Achari ya chupa haivumilii: joto la basi huipandisha, kifuniko kinasukumwa, mafuta yanashuka kwenye kanga mpya. Punguzeni chupa hadi ibaki nafasi ya vidole viwili juu, kazeni, isimamisheni ndani ya kopo la bati na mwende nalo miguuni. Na muulizeni kila kijana wa msafara amebeba nini. Miraa, ndiyo mirungi, na muguka wa jamii hiyohiyo vinauzwa barabarani Mombasa kama karanga. Kwetu mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, na kishada kimoja mfukoni Horohoro kinatosha kumtia mtu mbaroni na kuwalaza wengine wote kituoni wakimsubiri.

Asubuhi ya kurudi toeni kadi za njano kwenye mkoba, mzipange kwa mfuatano uleule wa pasipoti, kila kadi ndani ya pasipoti ya mwenyewe, kwenye ukurasa wenye muhuri wa kuingia Kenya.